Mwalimu Nathanael Hakuwa Amezaliwa

Baba mkwe wangu alifundisha historia miaka arobaini na moja katika shule za msingi za Meru, na mimi huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu niolewe nyumbani kwake. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha historia mimi, nimelishwa pamoja na ndizi. Ukifika nyumbani kwake Nkoaranga, hujamaliza hata kusema shikamoo, tayari umeulizwa swali. Na maswali yake si ya wafalme na vita. Ukimwambia Wajerumani walijenga boma Arusha, atakuuliza, "Mawe alibeba nani?" Ukimtajia yule mjumbe wa Wameru aliyekwenda Umoja wa Mataifa kudai ardhi, atakubali kwamba alikuwa shujaa, halafu atataka kujua ni mama gani aliyemfulia shati la safari. Hujui? Basi historia huijui, kaa chini.

Wanafunzi wake wengine sasa wana vitambi na ofisi mjini. Wakija kununua karoti kwenye kibanda changu pale soko la Kilombero, wakasikia mimi ni mkwe wa Mwalimu Nathanael, wananyoosha mgongo kama wanaitwa mahudhurio. Wananunua bila kuomba punguzo. Mungu ambariki mzee wangu.

Mimi naitwa Fransiska. Ni Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki niliyeolewa kwa Wameru Walutheri, na mdomo wangu hauna breki. Nayasema haya mapema ili huko mbele msinishangae.

Sasa, binti yangu Blessing anasoma kidato cha pili hapa Elerai tunakoishi. Mwaka huu mwalimu wao wa historia, kijana Mwarusha anayeitwa Gadiel, aliwapa kazi: kila mmoja amtafute mtu wa kawaida aliye hai, aandike tukio kubwa la historia kama mtu huyo alivyoliona kwa macho yake. Kazi itakayoshinda itasomwa siku ya wazazi. Blessing hakuhangaika. Alipanda kwa babu yake Ijumaa jioni, akarudi Jumapili na kurasa sita.

Nilizisoma nikiwa kibandani, nikalia mbele ya wateja. Babu alikuwa amemsimulia siku walipofukuzwa Engare Nanyuki, mwaka 1951, serikali ya Mwingereza ilipowaondoa Wameru kule ili walowezi wa Kizungu wapewe ardhi. Kwamba nyumba zilichomwa, hilo liko vitabuni. Lakini vitabu havisemi kwamba mama yake babu alikataa kutoka mpaka uji wa watoto uive, askari akakipiga chungu teke. Havisemi kwamba babu, mtoto wa miaka minne, alipewa kuku amshike, na kuku akamharia kifuani njia nzima, naye hakumwachia. Mama yake alitembea ameshika kiuno kwa sababu alikuwa na mimba ya mdogo wake. Yote hayo Blessing aliyaandika vizuri, kwa mwandiko wa kutulia, na juu kabisa akanakili jina kamili la babu na tarehe ya kuzaliwa kutoka kwenye kitambulisho chake.

Jumanne akarudi kutoka shuleni uso umevimba kwa kulia. Amepata sifuri. Chini ya ukurasa wa sita kulikuwa na wino mwekundu: "Mwalimu Nathanael amezaliwa Februari 1952. Tukio ni la Novemba 1951. Hakuwa amezaliwa. Hii ni hadithi, siyo historia. Usidanganye tena."

"Mama, darasa zima wananiita Hadithi Njoo," Blessing akasema.

Jamani, nilipandwa na mori! Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, mtu ambaye akiokota kalamu barabarani anaitangaza ibadani, leo anaitwa mwongo na kijana wa juzi? Asubuhi nilimwachia jirani kibanda, nikajifunga kanga kiunoni, huyo shuleni.

"Mwalimu," nikamwambia Gadiel kabla hajanikaribisha, "umemwita baba mkwe wangu mwongo?"

"Karibu mama, keti kwanza."

"Sikuja kukaa."

"Sawa. Mama Blessing, mtoto anaweza kukumbuka mambo yaliyotokea miezi mitatu kabla hajazaliwa?"

Nikakaa.

Sikuwa nimepiga hesabu. Hakuna hata mmoja wetu aliyepiga hesabu. Tarehe tulikuwa nayo, tukio tulikuwa nalo, na vyote viwili tulivijua miaka yote. Gadiel hakunicheka, hilo namsifu. Alisema kazi ya Blessing ndiyo bora kuliko zote na yeye mwenyewe alitamani iwe kweli. "Lakini nikiisoma mbele ya wazazi, akasimama mzee wa Kimeru akauliza huyu aliyashuhudiaje, nitajibu nini? Kama alisimuliwa na mama yake, aseme alisimuliwa. Asiseme aliona."

Nikatoka pale mkia katikati ya miguu. Njiani nilijaribu kumtetea mzee moyoni nikashindwa. Mtu anaweza kusahau mwaka, sawa, lakini kuku? Kuku wa kukuharia kifuani unamtungaje? Nikazisoma tena zile kurasa, na safari hii nikakwama kwenye neno ambalo nilikuwa nimelipita. Mdogo wake. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wake.

Baba mkwe wangu hana mdogo. Ni kitinda mimba, mtoto wa mwisho, na ndiyo sababu alirithi kihamba cha baba yake, lile shamba la migomba lenye makaburi ya ukoo. Kitinda mimba ana mdogo gani?

Ningemuuliza mume wangu, lakini Arnold ni dereva wa watalii na wiki ile alikuwa Serengeti, simu inaingia siku moja kwa tano. Alhamisi nikapanda Nkoaranga mwenyewe, na kilo ya nyama mkononi. Kwetu na kwao pia, mkamwana hamkalii baba mkwe usoni na kumhoji. Nilijua hivyo, nikaenda hivyo hivyo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya kahawa, anazungusha mashine ya mkono peke yake. Nikavua viatu, nikashika ndoo nikawa namwagia maji huku yeye anazungusha. Kazi inasaidia, watu wawili wanaofanya kazi hawalazimiki kutazamana.

"Blessing amepata ngapi?" akauliza.

"Sifuri, baba."

Akacheka, akidhani natania. Nikamwambia habari ya tarehe. Akaendelea kuzungusha, ila polepole. Halafu nikasema, "Na ameandika kwamba mama alikuwa na mimba ya mdogo wako."

Mkono ukasimama.

"Ameandika mdogo wangu?"

"Ndiyo, baba."

"Nilisema hivyo mimi?"

"Mtoto anaandika anachoambiwa."

Alikaa juu ya gunia. Nikaogopa, nikadhani ni presha, nikataka kuita majirani. Akanizuia kwa mkono. "Miaka sitini, Fransiska," akasema. "Miaka sitini nimejichunga mbele ya wakubwa wote, kumbe nimekuja kujisahau mbele ya mtoto mwenye daftari."

Ndipo akanieleza, macho yake kwenye zile punje za kahawa.

Yeye si Nathanael. Yeye alizaliwa 1947 na akabatizwa Elifuraha. Nathanael ni mdogo wake, yule aliyekuwa tumboni siku ya kufukuzwa, akazaliwa Februari. Elifuraha alifeli mtihani wa darasa la nne, na siku zile ukifeli la nne ndiyo basi, unarudi nyumbani kupalilia kahawa. Akapalilia miaka minne. Nathanael ndiye alikuwa na akili. Alifaulu mara moja. Kisha likizo ile ile, mwanzoni mwa 1965, homa ya uti wa mgongo ikamchukua kwa siku tatu. Wiki mbili baada ya mazishi ikaja barua ya kumwita darasa la tano, shule ya mbali, ya bweni.

"Baba yangu aliisoma mara mbili," mzee akasema. "Halafu akaniambia, tumemzika mtoto, hatutazika na nafasi. Akanipa barua na cheti cha ubatizo cha mdogo wangu. Nikaenda."

"Na wewe una miaka kumi na minane?"

"Nilikuwa mfupi. Na darasani mle kulikuwa na wenye ndevu. Hakuna aliyeuliza."

Ndugu zake na majirani wa pale walijua wote wakanyamaza, kwa sababu wao pia walikuwa na watoto na nafasi ni nafasi. Kisha wazee wale wakafa mmoja mmoja, wakaondoka na siri. Mama mkwe wangu marehemu alikuja kuambiwa wakiwa na miaka ishirini ya ndoa, na mzee anasema alimnunia mwezi mzima. Mama yake je, bibi yule wa uji? "Mama hakuniita Nathanael hata siku moja," akasema. "Na kuniita Elifuraha alikatazwa, asije akaniumbua. Basi akawa ananiita wewe. Wewe, njoo ule. Wewe, umefika salama? Mpaka anakufa."

Yesu na Maria! Nilitaka kumhurumia, lakini nami ni binadamu, hasira ikatangulia. "Baba," nikasema, "mume wangu anaitwa Arnold Nathanael. Mimi kwenye kitabu cha ndoa ni mke wa Arnold Nathanael. Mtoto wangu wa kwanza nimempa jina lako kama mila inavyotaka, ni Nathanael! Sasa sisi ni kina nani?"

Nilitegemea anikemee. Badala yake akatabasamu, machozi yanamtoka. "Siku mliyomwita mtoto vile, mlipiga vigelegele, mimi nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe nikalia. Mlidhani ni furaha ya babu. Mimi nilikuwa nalia kwamba mdogo wangu amerudishiwa jina lake. Yule mtoto ndiye Nathanael wa haki. Mimi nilikuwa nimemshikia tu."

Hasira ikaniisha pale pale, mtaniamini au msiniamini.

Lakini shida ilikuwa bado iko vilevile, na alinieleza mwenyewe, kama anavyoandika ubaoni. Akisema ukweli, yeye ni mwongo wa miaka sitini: cheti cha ualimu ni cha uongo, pensheni labda itachukuliwa, na watu wazima mjini wenye vitambi watasema mwalimu wetu alikuwa feki. Akinyamaza, jina lake linabaki safi, na mwongo anakuwa Blessing. Na lile jambo aliloliona kweli kwa macho yake, chungu cha uji na kuku, litahesabiwa hadithi, kwa sababu karatasi inasema hakuwa amezaliwa.

"Wewe una maneno mengi," akaniambia. "Nishauri."

Nilimaliza kumwagia maji ile kahawa, nikapika nyama, nikashuka.

Ijumaa nilimnasa mteja wangu mmoja mwanasheria akichagua nyanya. "Nina rafiki yangu," nikaanza, nikamweleza kwa kuzungukazunguka.

"Huyo rafiki yako ana umri gani?" akauliza.

"Sabini na nane."

Akacheka mpaka nyanya ikamdondoka. "Mama Blessing, mwambie rafiki yako aje ofisini aape kiapo cha majina, nitamwandikia. Elimu aliisoma kwa kichwa chake na kazi aliifanya kwa mikono yake. Umri huo atafungwa na nani?"

Nilimpigia mzee nikamweleza yote. Akasema "sawa" na kukata simu. Sawa gani sasa? Jumamosi hakupokea. Jumapili hakupokea. Jirani yake akaniambia hakuonekana kanisani, na huyo ni mtu ambaye hajakosa ibada tangu barabara ya Nkoaranga ikiwa matope matupu. Blessing nilimwambia asubiri, bila kumweleza ni nini anachosubiri, akaninunia. Nilikuwa namwogopea yule mzee kweli kweli. Mtu akitunza kitu miaka sitini, halafu kikamponyoka kwa neno moja, unajua atafanya nini?

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nachemsha chai, nasikia hodi. Ni yeye. Koti la suti, tai, viatu vimepigwa rangi, pumzi juu juu. Ameshuka mlima alfajiri.

"Shikamoo baba! Kuna nini?"

"Marahaba. Nipeleke shuleni kwa Blessing. Na usiniongeleshe njiani, nitaghairi."

Sikumwongelesha. Mnaonijua mtaelewa kazi niliyofanya.

Gadiel alikuwa ameanza kipindi. Alipomwona mzee mwenye tai mlangoni, na mimi nyuma yake, uso wake ukabadilika. Nadhani alifikiri tumemletea kesi. Darasa likasimama. Blessing, pale dawati la tatu, akainamisha kichwa.

"Mwalimu," baba mkwe akasema, "nimekuja kurekebisha kazi ya mwanafunzi wako. Ameandika kweli tupu. Mwenye kosa ni mimi. Naomba chaki."

Akapewa. Akaandika ubaoni kwa mwandiko wa walimu wa zamani, herufi zimelala upande mmoja: Elifuraha, 1947. Chini yake: Nathanael, 1952 hadi 1965. Akageuka, akawasimulia watoto wale yote, kuanzia barua mpaka mama yake aliyemwita wewe.

Alipomaliza, msichana mmoja nyuma akanyoosha mkono. "Babu, ulikuwa unamwogopa nani? Polisi?"

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa nawaogopa nyinyi. Wanafunzi. Kila siku nilikuwa nawaambia mtu mdogo naye ana historia, na kuna mtoto mdogo kihambani kwangu nimemlaza bila jina miaka yote hiyo. Hata msalaba hana. Ningemwandikia jina gani, wakati jina nalitembelea mimi?"

Gadiel alikuwa amesimama dirishani. Alikuja mbele, akalichukua daftari la Blessing, akapiga mstari juu ya wino wake mwekundu, mmoja, halafu mwingine, mpaka maneno yake yote yakafutika. Kisha akakuna kichwa. "Mzee, ngoja. Ulistaafu lini?"

"Elfu mbili kumi na mbili. Miaka sitini ya kwenye cheti."

"Lakini kwa kweli ulikuwa na sitini na mitano."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo umeifundishia serikali miaka mitano baada ya muda wako kwisha, na bado unaogopa itakudai?"

Kwanza alicheka mtoto mmoja, kisha darasa zima, kisha mzee mwenyewe, kicheko cha kutoka tumboni ambacho sijawahi kukisikia kwake. Mimi nilikuwa nalia. Sikulia kwa huzuni. Nililia kama mtu aliyetua ndoo baada ya kuibeba kutoka mtoni, shingo yote inaachia. Blessing alikuwa ameinua kichwa, akitazama huku na huku kuhakikisha wale waliomwita Hadithi Njoo wote wameona.

"Kazi hii itasomwa Ijumaa, siku ya wazazi," Gadiel akasema. "Kama mwenyewe ataruhusu."

"Naruhusu," mzee akasema. "Ila muweke majina yote mawili."

Akageuka kunirudia pale mlangoni, akipangusa chaki mikononi. Gadiel akawapa ishara wanafunzi. Madawati yakakwaruza, wakasimama wote.

"Shikamoo, Mwalimu Elifuraha!"

Mzee akatazama nyuma yangu, nje, barazani, aone ni nani aliyeingia.

"Ni wewe, baba," nikamwambia.

Akasimama palepale. Kisha akawageukia taratibu, akarekebisha tai.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo. Akasema tena, kwa nguvu sasa, ile sauti ya darasani. "Marahaba, wanangu. Kaeni."